Arubaini ya Mabata

Nilipokuwa mtoto, wenzangu walibeba wadogo zao mgongoni. Mdogo wangu mimi alikuwa bata.

Nalisema hili bila kucheka, kwa sababu nyumbani kwetu siku zile hakuna aliyecheka. Tulikaa kijiji kidogo upande wa Tongoni, enzi za Mwingereza, mashamba ya mkonge yalipokuwa yamejaa watu waliotoka bara kuja kuukata. Sisi hatukuwa watu wa mkonge. Baba yangu, Bakari, alikuwa mchuuzi: alipeleka Muheza nazi na samaki wakavu, akarudi na machungwa. Mama yangu, Mwanaidi, alilima mpunga bondeni. Bibi, mzaa Baba, alikaa nasi nyumba moja na jiko lilikuwa lake.

Mama alizaa mara nne nikabaki mimi, Mwanahawa. Wa mwisho alikuwa Athumani. Nilipewa kumshika mara chache tu. Nakumbuka kisogo chake kilivyokuwa cha moto kwenye kiganja changu. Alikufa kwa homa Mama akiwa bado ndani, arubaini yake haijatimia, miiko yote ya mzazi ingali imemfunga. Wanaume wakamchukua mtoto wakaenda naye makaburini, Mama akabaki chumbani na mkaja wake wa uzazi umemkaza tumboni, kama bado ana wa kumnyonyesha.

Hakulia kwa sauti. Maziwa yalimjaa yakalowesha kanga, naye hakuibadili. Bibi alimpikia uji wa pilipili manga, ukapoa, ukatolewa, ukapikwa mwingine. "Mkeo halali," nilimsikia Bibi akimwambia Baba uani. "Chakula nitamlazimisha. Usingizi siwezi kumlazimisha."

Ndipo Baba alipomwambia habari ya mabata.

Kijijini kwetu palikuwa na bwawa tuliloliita Ziwani, limezungukwa na matete, na kila masika walikuja mabata mwitu. Hawakuwa wakubwa. Walikuwa na miguu mirefu, mwili wa rangi ya kahawia, na uso mweupe mtupu, na sauti yao haikuwa ya bata hata kidogo, walipiga mluzi. Walitaga majanini, wakalea, na mvua zilipokwisha walipukutisha manyoya yote ya mbawa kwa mara moja. Mpaka yaote mengine, hakuna aliyeweza kuruka. Walijificha ndani ya matete, kimya, hata mluzi usiusikie. Watu wa kwetu walisema mabata wako ndani, wako arubaini. Katika majira hayo mtu hakukata matete wala hakuvua kambale Ziwani. Bibi alitukanya kila mwaka, na kila mwaka kwa maneno yale yale: "Atakayemtoa bata ndani kabla ya arubaini yake, na nyumbani kwake atatolewa mtu."

Hayo niliyajua, kila mtoto aliyajua. Aliyoyasema Baba siku ile yalikuwa mapya. Aliketi kwenye kizingiti cha chumba cha Mama, mimi nikiwa nyuma yake nachambua mchicha.

"Mwanaidi," alimwambia, "unawajua mabata wa Ziwani wanaokaa arubaini?"

Mama aliutazama ukuta.

"Mtoto asiyetimiza arubaini yake hapotei. Huenda kuimalizia kule, pamoja nao. Athumani yuko kwao sasa hivi. Ukitoka ndani utamwona."

"Nani kasema?" Mama aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mazishi.

"Wazee wetu wote walikuwa wakisema. Muulize Mama."

Bibi alikuwa pale uani akipepeta mchele. Aliinamia ungo wake, hakusema ndiyo wala siyo.

Usiku ule Mama alilala. Kesho yake alimaliza bakuli la uji.

Alipotoka arubaini, mahali pa kwanza alipokwenda palikuwa Ziwani, nami nikamfuata. Tuliketi kwenye majani makavu tukawatazama. Mchana walisimama ukingoni mstari mmoja, wamebanana, wote wanaelekea unakotoka upepo. Walichambuana manyoya ya shingo, huyu akimaliza anainamisha kichwa apate zamu yake. Mama aligundua kwamba mayai wanalalia wote wawili, mke na mume, wanapokezana. "Tazama," aliniambia, "huyu anarudi, yule anaondoka. Hawagombani." Siku moja nguchiro alijitokeza karibu na vifaranga, na bata mmoja akaanza kujikokota majanini, ubawa umelegea, kama aliyevunjika. Nguchiro akamfuata, akamfuata, mpaka vifaranga walipokwisha kuingia majini, na yule mgonjwa akaruka mzima. Mama alicheka hadi akafuta machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Athumani.

Kulikuwa na mmoja aliyependa kusimama mwisho wa mstari, amejitenga kidogo na wenzake. Mama hakumwita jina. Aliniambia tu, "Mdogo wako leo ameshiba," au, "Mdogo wako leo hana raha, sijui kwa nini." Nami nilitoka kwenda chuoni kusoma Kurani, nikawaambia wenzangu mdogo wangu leo hana raha. Mwalimu wetu alilisikia akaniita mbele. "Watoto wanaokufa wako peponi," alisema, "si matopeni." Nilirudi nikamweleza Mama. Alifikiri kidogo, akaniambia pepo ya Mungu ni kubwa na huenda Ziwani ni ukingo wake mmoja. Mpaka leo sijasikia jibu lililoniridhisha kama lile.

Mvua zilipokwisha mabata wakaingia ndani. Tulikwenda hivyo hivyo, tukaketi mbali, tusione kitu ila matete yanayotikisika mahali pasipo na upepo. Mama alichukua konzi ya mpunga, akaurusha ukingoni, tukaondoka. Walipotoka na mbawa mpya wakaruka kwa mara ya kwanza juu ya bonde, alisimama shambani amejishika kiuno akawatazama mpaka walipozama upande wa mikoko. "Ametimiza," alisema. Hakulia. Alirudi kwenye jembe lake.

Masika ya pili walirejea, na Mama akamjua wake. Alimjuaje, sijui. Labda yeyote aliyesimama mwisho wa mstari alikuwa ndiye.

Mwaka ule Baba alizidisha safari za Muheza. Alikaa huko siku nyingi kuliko zamani, akasema biashara ya machungwa imekuwa na watu wengi na lazima mtu ajipange mapema. Aliporudi alikuwa mchangamfu, alinibeba nami nimekwisha kuwa mkubwa mno kubebwa, akaniletea chungwa lililomenywa likasukwa ganda lake. Nilimpenda sana Baba. Nataka hilo lieleweke, maana bila hilo yaliyofuata hayana uzito.

Mabata waliingia ndani kama kawaida. Asubuhi moja tulikwenda Ziwani na mpunga wetu tukakuta matete yamelala chini, yamekanyagwa njia pana kutoka ukingo huu mpaka ule. Nyavu zilikuwa zimekokotwa. Alama zake zilionekana topeni. Manyoya madogo yalielea majini kila mahali. Mama alivua viatu akaingia. Hakuwahi kuingia hata siku moja majira yale. Alikwenda mpaka maji yakamfika mapajani, akawa anafungua matete kwa mikono, mahali hapa, mahali pale, huku anaita taratibu kama aitaye kuku. Alitoka ameloa, miguu imechanjwa chanjwa, hana kitu.

"Si watu wetu," alisema. "Watu wetu hawawezi."

Baba alikuwa safarini. Aliporudi, alimletea Mama doti mbili za kanga na sufuria mpya, na Mama, ambaye hakuzoea zawadi nje ya sikukuu, aliziweka pembeni akamsimulia kilio chetu. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Alitikisa kichwa. Alisema, "Watu hawa wa makambi ya mkonge hawana miiko. Nitakwenda kuzungumza na mnyapara wao." Akaniweka mkono begani. "Usilie, Mwanahawa. Mdogo wako ni mjanja, lazima amekimbia."

Nilimwamini. Nilipokwenda chuoni siku zilizofuata niliwatazama kwa chuki watoto wa manamba wa mkonge waliopita njiani na vibuyu vyao vya maji. Hawakujua wamenikosea nini.

Aliyetuletea habari hakuwa na nia mbaya. Alikuwa Bi Riziki, mwanamke wa kijiji cha pili aliyeuza samaki kwenye gulio la Muheza. Alikuja mchana, akavua kanga ya juu, akapewa maji, akamshika Mama mkono.

"Nimekuja kukupa hongera," alisema. "Nimeona niseme mwenyewe kuliko usikie kwa watu."

"Hongera ya nini?"

"Ya mwenzio. Mungu awape kusikilizana. Msichana ni mpole, Mbondei, watu wake nawajua."

Mama hakuondoa mkono wake. "Arusi ilikuwa lini?" aliuliza, kama anayeuliza bei.

Bi Riziki alimtazama, akaelewa kwamba Mama hakujua, na kwa kuhangaika akaongeza maneno badala ya kuyapunguza. Alisema arusi ilikuwa ya heshima, hakuna mgeni aliyelala njaa. Wali wa nazi, na kila sinia bata mwitu. Mpishi mwenyewe alishangaa. Bwana arusi kawaleta wazima kwenye matenga, wakachinjwa pale pale uani, na hata mmoja hakuweza kuruka.

Jikoni Bibi aliacha kutwanga.

"Nilionja kidogo tu," Bi Riziki alisema, maana alikuwa ameuona uso wa Mama, ingawa sababu hakuijua.

Baba alirudi siku ya pili yake. Mama alimwekea maji ya kuoga, akampakulia, akamngoja ale. Kisha akamwita jina. Siku zote alimwita Baba Mwanahawa; sikuwahi kumsikia akilitamka lile jingine.

"Bakari," alisema. "Umeoa. Ni haki yako, hilo sikuulizi."

"Nilikuwa nikitafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Nimesema sikuulizi hilo. Nakuuliza la mabata. Ulipoketi pale mlangoni ukaniambia Athumani yuko kwao, wewe ulikuwa unaamini?"

Baba alinawa mikono. Alinawa muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Nilitaka ulale, Mwanaidi."

"Nililala," Mama alisema. "Nililala vizuri sana."

Bibi alitoka jikoni na mchi wake mkononi. Alikuwa mfupi, nami sikuwahi kumwona Baba amekuwa mfupi kuliko yeye mpaka siku ile. "La arubaini ya mabata nililipokea kwa mama yangu," alisema. "La mtoto sikulisikia kwa mtu. Nilinyamaza kwa sababu kesho yake nilimwona mkwe wangu ameshika kijiko. Lakini la kwanza ulilijua, Bakari. Nilikukanya kabla hujaota ndevu."

"Mama, wale ni ndege."

"Ni ndege. Basi sisi ulitulisha nini?"

Baba alijifuta mikono. Nami, ambaye hakuna aliyenikumbuka, nikauliza, "Na Athumani?"

Baba alinitazama kama aliyesahau kwamba nilikuwapo. "Nenda kachote maji," alisema. Mtungi ulikuwa umejaa. Niliuchukua nikaenda kuumwaga.

Mama hakudai talaka wala hakwenda kwao. Kanga zile alizifua akazivaa shambani. Ziwani hakukanyaga tena. Masika yaliyofuata nilipita peke yangu nikakuta mabata wachache, wamesimama mbali na ukingo, na waliponiona tu wakaruka.

Mwaka ule ule habari ilitufikia kutoka Muheza. Bi mdogo, jina lake Zaina, alikuwa amezaa mtoto wa kike, na mtoto amekufa kabla mamake hajatoka ndani.

Kijiji kizima kilisema neno moja. Walisema penye kisima, walisema kwenye shughuli, na hawakupunguza sauti tulipopita. Bibi aliulizwa na mwanamke mmoja kama hakuyasema haya. Bibi alimjibu kwamba mtoto ni wa mwanawe na yeye yumo matangani, asiulizwe maswali. Kwa upande wangu, nimeishi nikaona watoto wengi wa zama zile wakifa katika nyumba ambazo hazikugusa bata wala kuku wa jirani. Siwezi kusema bata walilipa kisasi. Lakini wakati ule niliamini, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Niliona Baba amepatikana.

Mama alifunga kilemba cha kanga, akaniambia nivae, tukapanda lori la machungwa kwenda Muheza. Bibi alituuliza tunakwenda kufanya nini. "Kuna mzazi ndani, mtoto amekufa," Mama alisema. "Huko ndiko tunakokwenda."

Nyumba ilikuwa ndogo, nyuma ya maduka. Wanawake walitupisha, maana walijua huyu ni mke mkubwa wakatutazama waone itakuwaje. Tulipofika kwenye ukumbi mwembamba mbele ya chumba, Mama alisimama ghafla nikamgonga mgongoni. Baba alikuwa ameketi kwenye kizingiti, ametupa kisogo, anazungumza na aliye ndani.

"...hapotei," alikuwa akisema. "Liko bwawa kwetu, Ziwani. Wako mabata pale wenye uso mweupe, nao hukaa arubaini. Ameenda kuimalizia pamoja nao. Utakapopata nguvu nitakupeleka umwone."

Sauti yake ilikuwa ile ile. Alipumzika pale pale alipopumzika mara ya kwanza. Nilijua neno litakalofuata kabla halijatoka.

Mama alikohoa. Baba aligeuka, akatuona, akainuka akashika ukuta. Sikuwahi kuona mtu mzima aliyetaka kuwa mahali pengine kama alivyotaka yeye. Mama alimpisha apite, akaingia.

Zaina alikuwa msichana tu. Alikuwa amekaa kitandani na mkaja wake tumboni na kanga imelowa kifuani. Mama alivua viatu, akaketi karibu naye, akamwambia pole, akaanza kumfungua kanga ile iliyolowa amvike kavu aliyokuja nayo. Zaina alikubali kama mtoto anayevishwa. Kisha akamshika Mama mkono kwa nguvu.

"Dada, wewe ndiye unayekaa huko. Kuna mabata kweli?"

"Wapo," Mama alisema.

"Umewaona?"

Niliutazama mdomo wa Mama. Nilitaka aseme. Nilitaka amwambie kila kitu, matenga, sinia, nyama aliyokula yeye mwenyewe siku ya arusi yake, na Baba aliye nje ukumbini asikie. Mama alifunga fundo la kanga begani kwa Zaina, akalinyoosha.

"Nimewaona," alisema. "Wanasimama mstari mmoja. Wanachambuana shingo. Wazuri mno."

Zaina aliegemeza kichwa begani kwake, na tulipoondoka alikuwa amelala.

Kwenye lori sikumsemesha Mama mpaka tulipofika Pongwe. Nilihisi nimeachwa peke yangu na wazazi wangu wote wawili. Mwishowe nikashindwa. "Kwa nini umemdanganya?"

"Sikumdanganya. Kaniuliza kama nimewaona."

"Mama!"

"Mwanahawa, ulitaka nimwachie nani? Yeye hana Bibi wa kunyamaza kwa ajili yake." Akageuza uso upande wa mashamba.

Nimechukua miaka mingi kulipima lile, na bado mizani haijatulia. Maneno ya Baba na maneno ya Mama yalikuwa karibu sawa, na yote mawili yalimlaza mwanamke aliyefiwa. Lakini Mama aliyatoa huku yakimchoma kinywa. Baba aliyatoa yakiwa hayamgharimu kitu, na siku alipohitaji karamu aliyachukua tena kutoka mikononi mwetu kama mali yake. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nadhani alituonea huruma kwa kweli, pale kizingitini, kwa muda wote aliokuwa ameketi pale. Alipoinuka, aliiacha huruma yake kwetu tuilinde sisi.

Baadaye Zaina alihamia kijijini kwetu, na yeye na Mama wakawa ndugu hasa. Walilima pamoja, walizeeka pamoja, wakazungumza kila jambo, na sijui kama hilo moja waliwahi kulizungumza.

Na Baba nilimpenda mpaka alipokufa. Nilimpikia, nikamuuguza, nikamwitikia kila alipoita, na mbele ya watu hakuna aliyeona kasoro. Miaka ile ya mwisho alikaa kwangu, dirishani, akitazama nje, akapenda kunisemesha nikiwa na kazi zangu. Akiniambia mvua inanyesha, niliitika vizuri, "Ndiyo, Baba." Kisha nikatoka mlangoni, nikanyoosha mkono nione kama utalowa.